Jiwe la bluu la bibi: kisa cha pete ya urithi kwa sonara wa Mwanza

Kuhusu kisa hiki

Nilikishuhudia nikiwa mwanafunzi wa usonara katika duka moja la familia katikati ya mji wa Mwanza. Majina, mtaa, mwaka na uzito kamili wa pete nimeviondoa. Mwenye duka na bibi harusi wameridhia kisimuliwe. Nimekiandika kwa ajili ya wanaojifunza kazi hii, lakini hata mteja mwenye pete ya urithi kabatini atakuta humo la kumfaa.

Duka na mwanafunzi wake

Duka ni la kizazi cha tatu. Babu alianza na meza moja na bomba la kupulizia moto kwa mdomo. Mwanawe, ambaye hapa nitamwita Mzee, aliongeza mizani, mashine ya kung'arishia na kabati la kioo. Mjukuu, Kaka Mkubwa kwa jina tulilomzoea, ndiye aliyeleta simu janja na kurasa za duka mtandaoni. Mimi nililetwa na mama yangu, aliyekuwa amefahamiana na mke wa Mzee kwa miaka mingi sokoni.

Miezi sita ya kwanza sikushika dhahabu. Nilifagia. Taka za chini ya meza hazitupwi kwa sonara. Zinakusanywa kwenye debe, na mara moja kwa mwaka zinachomwa na kusafishwa, kwa sababu unga wa dhahabu unaokwanguliwa na tupa umejificha mle. Mwaka wa kwanza nilipoona kilichotoka kwenye debe lile nikaacha kulalamika kuhusu ufagio.

Baada ya ufagio ikaja mizani, kisha jiwe la kuchorea. Unasugua pete kwenye jiwe jeusi, inaacha mstari, unadondoshea tindikali na kutazama mstari unavyofifia au kubaki. Nikajifunza kwamba karati ni neno moja lenye kazi mbili. Kwenye dhahabu ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 22 ni asilimia 91.6, 18 ni asilimia 75, 9 ni asilimia 37.5. Kwenye kito ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2. Wateja wengi huchanganya, na wauzaji wasio waaminifu huwaacha wachanganye.

Mengine yalikuwa ya kwetu Kanda ya Ziwa. Mama anakuja analia kwamba pete yake ya ndoa imegeuka nyeupe upande mmoja, kumbe mumewe ni mchimbaji mdogo, ameshika zebaki ya kukamatia dhahabu kisha akaishika pete. Kijana anakuja na mawe ndani ya leso akinong'ona kwamba ni almasi ya Mwadui. Mzee hamwachi afungue hata leso. Kuuza na kununua madini ghafi kunataka leseni, naye leseni aliyonayo ni ya kutengeneza na kuuza vito vya kuvaa. Humwelekeza soko la madini, ambako serikali imeweka wathamini tangu masoko hayo yaanze nchini mwaka 2019.

Kuhusu mawe yenyewe Mzee alianza na ugumu, si na rangi. Rangi, alisema, ni nguo tu. Ugumu hupimwa kwa ngazi ya 1 hadi 10 iliyopangwa na Friedrich Mohs. Almasi iko juu, 10. Rubi na yakuti ya bluu ni ndugu wa madini moja, korandamu, na wote wapo 9. Kwatzi ni 7. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Kwa nini kwatzi ni muhimu? Kwa sababu vumbi la barabarani limejaa chembe zake. Jiwe lililo laini kuliko vumbi huchubuka kwa kupanguswa tu na kanga.

Alhamisi

Walikuja alasiri, wakati Mzee ameenda kuswali na Kaka Mkubwa yuko mlangoni akibishana na bodaboda aliyepeleka mzigo kwa mtu asiye wake. Kwa hiyo aliyewapokea ni mimi.

Walikuwa wawili: binti aliyekuwa akijiandaa kwa sendofu na harusi, na shangazi yake. Shangazi alifungua kitambaa, ndani ya kitambaa karatasi, ndani ya karatasi pete. Dhahabu ya njano, jiwe la bluu lenye umbo la mraba uliokatwa pembe, limeshikwa na vikucha vinne. Ilikuwa ya marehemu bibi, mama yake shangazi. Binti alitaka iongezwe saizi mbili na kung'arishwa, aivae siku ya harusi.

"Hiyo ni tanzanaiti, mwanangu," shangazi akasema. "Ichunge sana. Hapo umeshika kiwanja."

Nikaipima mbele yao. Gramu nne na ushei. Nikafungua kitabu cha kupokelea nikaandika: *Pete 1 ya dhahabu, jiwe tanzanaiti. Kuongeza saizi 2, kung'arisha.* Nikaandika na uzito, binti akatia saini, nikampa nakala. Kaka Mkubwa aliporudi ndani aliipiga pete picha mbili juu ya mizani, moja kwa juu na moja kwa ubavu, kwa sababu alipenda kurusha picha za "kabla na baada" kwenye kurasa za duka.

Kwa desturi, pete ikishapokelewa inaingia kwenye maji ya moto yenye sabuni ili ifanyiwe kazi ikiwa safi. Siku ile sikuiosha. Nilisahau tu.

Jioni, chini ya taa

Mzee alisoma kitabu kabla ya kuitazama pete, kama afanyavyo siku zote. Akaniuliza nani kasema tanzanaiti. Nikamwambia ni mama mwenyewe. Akauliza mimi niliona nini. Nikajibu, jiwe la bluu.

"Basi mbona hukuandika jiwe la bluu?"

Alikuwa na sababu ya kutaka kujua jiwe ni gani, nayo ni ya kifundi. Kuongeza saizi ni kukata pete kwa nyuma, kuingiza kipande cha dhahabu na kukiunga kwa moto. Tanzanaiti haivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto, hupasuka. Haipelekwi kwenye mashine ya kuoshea kwa mtetemo, haioshwi kwa mvuke, na moto wa kulehemu usiikaribie. Kama jiwe hili lingekuwa tanzanaiti, lingepaswa kutolewa kwanza. Lakini vikucha vya pete vilikuwa vyembamba kwa uzee, na kuvifungua ni kuhatarisha kuvivunja.

Akanipa lenzi. Ile ndogo ya kukunja, inayokuza mara kumi. Inashikwa karibu na jicho, halafu unasogeza pete, si kichwa. Akakaa kimya akaniacha nitazame kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Kitu cha kwanza kilikuwa kingo. Mahali ambapo sura mbili za jiwe zinakutana, mstari ulikuwa mkali kama ukingo wa karatasi mpya. Pete hii, kwa maneno ya shangazi, bibi hakuwahi kuivua: kuparua samaki, kufua, kulima, kuanika dagaa. Jiwe la ugumu wa 6 na nusu lililoishi maisha hayo lingekuwa limelegea kingo kama sabuni iliyotumika. Huku dhahabu ya pete ilikuwa imelika upande wa kiganja hadi nusu ya unene.

Kitu cha pili ni rangi. Tanzanaiti ni jiwe la rangi zaidi ya moja. Ukiligeuza, upande huu ni bluu, upande ule zambarau. Hili tuligeuza kila upande. Bluu ilielekea kijani kidogo ubavuni, zambarau haikutokea.

Cha tatu ndicho kilichomfanya Mzee aweke kikombe chini. Alimimina mafuta ya watoto kwenye bilauri ya chai, akaweka karatasi nyeupe chini yake, akaizamisha pete na kuwasha tochi ya simu kwa chini. Mafuta huondoa mng'ao wa juu wa jiwe, macho yanaona ndani. Ndani kulikuwa na mistari ya rangi iliyopinda, sambamba, kama nyuzi za santuri.

Kito kinachokua ardhini hukua kwa pande zilizonyooka, na matabaka ya rangi yake hunyooka na kukutana kwa pembe. Mistari iliyopinda haitoki ardhini. Inatoka kiwandani, kwa njia ambayo Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902: unga wa alumina, malighafi ya korandamu, unadondoka kupitia ndimi za moto mkali, unayeyuka na kujirundika juu ya kijiti, tabaka juu ya tabaka, hadi kupata kitu chenye umbo la peasi. Alianza na rubi. Yakuti ya bluu ilifuata miaka michache baadaye. Ni korandamu kweli, ina ugumu uleule wa 9, ila haijawahi kulala mgodini. Katikati ya karne iliyopita mawe haya yalikuwa yamejaa kwenye pete za maduka duniani kote, wala hayakuwa ya kitapeli; mengi yaliuzwa kwa jina lake.

Dhahabu yenyewe ilikuwa ya kweli. Ndani ya pete kulibaki nusu ya chapa, "75", na jiwe la kuchorea likathibitisha karati 18.

Shauri la watu watatu

Mimi nilisema tufanye kazi tuliyopewa tunyamaze. Mteja ameomba saizi, hakuomba uchunguzi. Atafurahi, ataolewa, nani atajua?

Kaka Mkubwa alisema apigiwe simu mara moja. Hofu yake ilikuwa ile hofu ya kila sonara. Hapa kwetu hakuna tuhuma nyepesi kumrushia sonara kama ya kubadilisha jiwe, na kadiri pete inavyokaa kwetu ndivyo tuhuma inavyonona.

Mzee alikataa la kwangu bila kufikiri mara mbili, na sababu yake haikuwa ya kidini kama nilivyotarajia. Alinionyesha kitabu. "Hapa pana mwandiko wetu unaosema tanzanaiti. Miaka kumi ijayo mtoto wa huyu binti anaipeleka pete Arusha kuiuza, anaambiwa si tanzanaiti, anatoa stakabadhi yetu. Tutasema nini?" Kunyamaza kungekuwa rahisi kama mimi nisingekuwa nimeandika.

La Kaka Mkubwa alilikubali nusu. Wateja waambiwe, ndiyo. Pete isiguswe, isioshwe, isikatwe, hadi waje waione. Iliwekwa kwenye bahasha, bahasha ikasainiwa na sisi watatu, ikaingia sefu.

Jumamosi

Ijumaa Kaka Mkubwa alipiga simu, akamwambia binti kwa maneno manne: jiwe lenu si tanzanaiti. Alidhani anawahi. Kumbe alimpa shangazi usiku mzima wa kuchemka.

Walikuja saa tatu asubuhi, binti, shangazi na baba mdogo wa binti, mzee wa makamo aliyesalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kwa sauti ya mtu aliyekuja kusuluhisha. Shangazi hakusalimia. Aliweka nakala ya stakabadhi juu ya kioo cha kabati.

"Nimeleta tanzanaiti. Mmeandika tanzanaiti. Leo mnaniambia si tanzanaiti. Tanzanaiti yangu iko wapi?"

Swali zuri. Sikuwa na jibu, na mwandiko ulikuwa wangu.

Kaka Mkubwa akaanza kueleza. Korandamu, Verneuil, alumina. Kila neno lilizidisha moto. Watu wawili walisimama mlangoni kusikiliza, mmoja wao mteja wetu wa siku nyingi. Likatajwa neno polisi.

Mzee alimnyamazisha mwanawe kwa mkono. Akatoa viti kutoka nyuma, akaufungua mlango mdogo wa kaunta na kuwaomba wapite ndani, walipo mafundi, mahali ambapo mteja haingii. Chai ikaagizwa. Akachana bahasha mbele yao.

Kwanza alimpa baba mdogo kazi ya kupima. Uzito uleule, hadi tarakimu ya mwisho. Halafu picha mbili za Kaka Mkubwa zikawekwa pembeni ya pete: kucha moja imepinda kidogo kushoto, na bado imepinda. Halafu akaigeuza pete na kumpa binti, si shangazi, lenzi. Nyuma ya jiwe, kati ya vikucha, kulikuwa na utando mgumu wa kijivu, sabuni na mafuta ya mkono ya miaka mingi, umekaa kama saruji. "Ukitaka kutoa jiwe," Mzee akasema, "huu lazima uvunjike." Binti akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Haujavunjika, shangazi."

Shangazi akasema uchafu hata wao wanaweza kuutia. Ni kweli, ingawa si kwa siku mbili.

Ikaja bilauri, mafuta, karatasi nyeupe, tochi. Binti aliiona mistari mwenyewe na kumvuta baba yake mdogo aione. Shangazi alikataa kutazama.

Ndipo Mzee akauliza kitu ambacho, baada ya miaka yote, ndicho ninachokikumbuka zaidi. "Marehemu aliolewa lini?"

Baba mdogo alijibu haraka, kwa sababu katika familia yao tarehe hiyo ni fahari. Walioana mwaka wa Uhuru, 1961. Cheti cha ndoa kipo. Na picha ipo, akaitafuta kwenye simu: bwana na bibi mbele ya kanisa, mkono wa bibi juu ya mkono wa mumewe, na pete yenye jiwe la mraba uliokatwa pembe.

Mzee akasubiri. Kisha akasema polepole kwamba tanzanaiti iligunduliwa Mirerani mwaka 1967. Serikali ilimtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake mwaka 2018, na jina lenyewe, tanzanaiti, lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Bibi alipovishwa pete ile jiwe hilo lilikuwa bado halijulikani, na nchi yenyewe ilikuwa bado Tanganyika.

Baba mdogo akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa. Akasema sasa amekumbuka. Marehemu baba alifanya kazi kwenye meli za ziwani, na pete aliinunua Kisumu. "Na mama hakuwahi kusema tanzanaiti. Alikuwa akisema *lile la bluu*. Tanzanaiti tulianza kusema sisi, jiwe lilipopata jina."

Shangazi hakucheka. Alikuwa na hoja moja iliyobaki, na ilikuwa nzuri kuliko zetu zote: labda baba yao aliweka jiwe lingine baadaye, la thamani, na aliyelibadilisha ni mtu mwingine kabla yetu. Mzee akakiri kwamba hawezi kuapa kuhusu miaka hamsini ambayo hakuwepo. Anachoweza kusema ni kwamba haoni dalili ya vikucha kufunguliwa, na kwamba jiwe lililoingia dukani kwake Alhamisi ndilo hili.

Akajitolea kwenda nao kwa mtu mwingine watakayemchagua wao, kwa gharama ya duka.

Kilichofuata

Walimchagua mfanyabiashara wa vito ambaye hatufahamiani naye. Jibu likawa lilelile: yakuti ya kiwandani, ya zamani, kwenye dhahabu ya karati 18. Jiwe lenyewe thamani yake haifikii hata ujira wa kulifanyia kazi.

Binti alitaka pete iendelee. Mzee aliifanya mwenyewe, na aliniita nitazame. Kwa kuwa sasa alijua ni korandamu, aliliacha jiwe mahali pake. Alilizungushia pamba iliyoloa maji, akaunga kipande cha dhahabu kwa nyuma kwa moto mfupi, na akahakikisha tinkali, dawa ya kusaidia dhahabu iungane kwenye moto, haifiki juu, kwa sababu tinkali ikiwa ya moto hula uso wa rubi na yakuti ukabaki na vidonda. Haikuzamishwa majini baada ya moto. Iliachwa ipoe yenyewe. Hakutoza kitu.

Harusi ilifanyika. Binti aliivaa.

Baadaye baba mdogo alitueleza kilichokuwa nyuma. Katika mgawanyo wa mirathi, pete ilihesabiwa kuwa fungu la shangazi, naye akaridhia ndugu zake wachukue kiwanja. Pete aliikopesha kwa mpwa wake kwa siku ya harusi tu. "Hapo umeshika kiwanja," aliponiambia Alhamisi ile, hakuwa akitia chumvi. Familia ilirudi mezani kugawana upya. Kwa ninavyojua, haikuwa vikao vizuri. Shangazi hajakanyaga tena dukani, na yule mteja wa siku nyingi aliyesimama mlangoni amehamia kwingine.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa neno moja, na naliita langu bila kulizungusha. Stakabadhi ya sonara ni ushahidi wa kilichopokelewa. Nikiandika "tanzanaiti" nimeacha kuwa mpokeaji, nimekuwa mthamini, kazi ambayo sikuwa na ujuzi wala ruhusa ya kuifanya. Aliyesema tanzanaiti alisema kwa nia njema. Mimi ndiye niliyeigeuza imani yake kuwa hati ya duka. Siku hizi kitabu chetu kina safu mbili, *tulichoona* na *mteja anavyosema*. Dhahabu ni "metali ya njano" hadi ipite kwenye jiwe la kuchorea. Wateja wengine huchukia kuona pete yao ya milioni imeandikwa "metali ya njano", na ni lazima mtu aketi awaeleze. Inachosha. Bado tunafanya hivyo.

La pili lilikuwa simu. Kaka Mkubwa alikuwa sahihi kwamba kuchelewa kunazaa tuhuma, ila habari ya namna hii haina umbo la kutoshea kwenye simu. Mteja anasikia hukumu bila kuona pete. Angesema tu, "Kabla hatujakata, tunaomba mje mtazame kitu," angepata watu waliokuja kutazama badala ya waliokuja kudai.

Kuna mengine yalifaa kwa bahati, na si haki kuyahesabu kama ustadi. Ule utando wa uchafu nyuma ya jiwe ndio uliotuokoa, na ulibaki kwa sababu nilisahau kuosha. Picha zilipigwa kwa ajili ya kutangaza duka. Toa vitu hivyo viwili, ubaki na uzito peke yake, na jiwe la kufanana linaweza kutafutwa likalingana uzito. Tumebadilisha utaratibu: picha mbili kila pete yenye jiwe, mbele ya mteja, na nakala inabaki kwenye simu ya mteja; kuosha ni baada ya Mzee au mwanawe kuitazama kwa lenzi akiwa na mteja.

Kilichofaa kwa makusudi ni kuwaingiza ndani. Pazia la duka la sonara ndilo shina la nusu ya tuhuma zote dhidi yetu: pete inakwenda nyuma, inarudi, mteja hajui nini kimetokea. Mzee alipofungua kale kamlango alikuwa anatoa kitu kikubwa kuliko maelezo. Na kumpa lenzi binti ilikuwa busara, kwani shangazi asingeweza kuona alichokuja kukikataa.

Swali la mwaka wa ndoa nimelifikiria sana. Kifundi, mistari iliyopinda ndiyo hoja yenye nguvu zaidi. Inasema jiwe ni nini. Mwaka 1961 unasema tu jiwe la awali halikuwa nini, na shangazi aliona pengo hilo papo hapo. Hata hivyo ni mwaka 1961 uliowageuza. Nadhani ni kwa sababu ushahidi ule ulikuwa wao: cheti chao, picha yao, kauli ya mama yao. Mistari ya ndani ya bilauri ilikuwa yetu, na mtu anayekushuku hauamini mwanga wa tochi yako.

Mahali pamoja ninatofautiana na Mzee, naye anajua. Kufanya kazi bure kulikuwa kosa. Shangazi alikwenda akisema, kama wangekuwa hawana hatia mbona hawakutoza? Mzee anasema alikuwa anampa bibi harusi zawadi. Pengine. Lakini zawadi iliyotolewa katikati ya tuhuma inasomwa kama fidia. Ningetoza bei ya kawaida na kupeleka kitenge siku ya sendofu.

Na je, tungenyamaza kama nilivyoshauri? Binti angeolewa na pete ileile, kiwanja kingebaki walikokipeleka, na shangazi angelala akiamini ana mali. Siku za mwanzo nilijiambia hilo lingekuwa jema. Ila siku akibanwa na ada au hospitali, akaitoa pete auze, angeupata ukweli huo kwa dalali, akiwa peke yake, na stakabadhi yenye mwandiko wangu mkononi.

Vikucha viwili vya pete ile bado ni vyembamba. Mzee alimwambia binti airudishe baada ya mwaka ili viongezwe nyama, bila hivyo lile la bluu litadondoka kwenye karai la vyombo. Mwaka umepita. Hajaja bado.